Jiko la makaa likikusumbua: dalili, sababu na dawa yake

Mie jiko la makaa ndo ofisi yangu. Kila siku kabla ya adhana ya alfajiri nishawasha, nakaanga mahamri na mbaazi za nazi ziko pembeni zinatokota, hapa Majengo, Mombasa, na kabla ya hapo utoto wangu wote nilikuwa nampepelea nyanya yangu moto uani. Kwa hivo watu wananiuliza sana, mbona jiko langu linatoa moshi, mbona makaa yanakwisha, mbona hili jipya limepasuka, na juzi mtu akaniuliza mbona kila nikipika kichwa kinanigonga, hilo ndo lililonifanya nikae chini niandike yote pamoja.

Kabla hatujaingia kwenye dalili, shika kitu kimoja tu. Jiko ni hewa. Hewa inaingia kwa kile kimlango cha chini cha jivu, inapenya kwenye matundu, inapanda kwenye makaa halafu inatoka juu na joto. Ikizibwa chini jiko linanuna, ikiingia nyingi kupita kiasi makaa yanakwisha, na ile hewa ya chumbani ni hio hio mnagawana wewe na jiko. Matatizo karibu yote nitakayotaja hapa ukiyafuata mpaka mwisho utakuta ni hewa, kwa hivo usikimbilie kumlaumu muuza makaa kabla hujaangalia hewa inapita wapi.

"Haliwaki, napepea mpaka mkono unauma"

Jiko likiwa baridi, ingiza vidole kwenye kimlango cha chini uangalie jivu la jana limefika wapi. Nimeona majiko jivu limepanda mpaka limegusa matundu, hapo hata ulete feni ya stima haliwaki ng'o, manake hewa haina pa kupita. Lizoe lote. Halafu chukua msumari mrefu ama kijiti cha mishkaki uzibue tundu moja moja, kuna vijipande vya makaa vidogo kama punje ya mbaazi hujikwamisha pale na kukaa kama kizibo, na ukilitazama jiko kwa juu huvioni. Linyanyue uchungulie kutoka chini, kama huoni mwanga kwenye tundu basi limeziba.

Jivu likiwa halina shida, angalia makaa yenyewe. Chukua vipande viwili uvigonganishe. Makaa makavu hulia kama vigae vya sahani, sauti kali nyepesi, na yaliyoshika maji hulia du, kama umegonga udongo. Huku kwetu makaa kushika maji ni jambo la kawaida, hewa ya pwani yenyewe ina unyevu, halafu masika yakiingia kuanzia Aprili mpaka Juni gunia likikaa kwenye sakafu ya simenti linanyonya maji kwa chini hata kama mvua haikulinyeshea. Liweke juu ya mbao ama matofali mawili. Wauzaji wengine pia hunyunyizia maji, wanasema ni kutuliza vumbi, sawa, lakini ukinunua kwa kilo basi umelipia na maji, mie napendelea kununua kwa debe.

Yakishalowa yaanike juani kwenye bati mchana mmoja tu, jua letu la saa sita linatosha. Kama una haraka, washa na yale makavu uliyonayo kidogo, halafu yale mabichi yapange kuzunguka ukingo wa jiko yakauke kwa joto, usiyatupe katikati utaua moto wote.

Sababu ya tatu ni chenga. Mkifika chini ya gunia mnabaki na vumbi na vipande vidogo vidogo, mtu anasema si ni makaa tu, anamimina yote jikoni. Chenga zinajaza nafasi kati ya makaa na hewa inakosa njia. Chini panga vipande vikubwa vikubwa ukiacha nafasi, vidogo viende juu moto ukishashika.

Kuwashia, mie sina mchezo, natumia makumbi ya nazi makavu na kifuu kimoja kilichovunjwa vunjwa. Kumbi linashika haraka na kifuu kinawaka kwa muda mrefu kuliko karatasi. Lakini tafadhali petroli usiiguse kabisa, mvuke wake unalipuka kabla hujarudisha mkono. Mafuta ya taa nayo, kama ndo unayotumia, usimimine kwenye makaa ambayo yana joto hata kidogo, unadhani moto umezima kumbe chini kuna kaa jekundu, moto unaruka unafuata kibuyu cha mafuta mpaka mkononi. Na plastiki usiwashie. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017 lakini naona bado watu wanawashia vipande vya chupa na gunia la nailoni, ule moshi ni sumu na unaingia kwenye chakula na kwenye kifua cha mtoto uliyembeba mgongoni.

Kuna njia nyingine nimeijaribu na imenisaidia, kuwashia kwa juu. Kule Afrika Kusini sehemu za baridi watu huota moto kwa makaa ya mawe, wanayaweka kwenye mkebe uliotobolewa wanaouita mbaula, na wana njia yao wanaiita Basa njengo Magogo, yani washa kama bibi. Badala ya kuweka vijiti chini na makaa juu, wanaweka makaa mengi chini, kisha karatasi na vijiti juu yake, kisha makaa machache kabisa juu ya vijiti. Moto unashuka chini polepole, na ule moshi wa mwanzo ukipanda unakutana na moto ulioko juu unaungua hapo hapo badala ya kukujia machoni. Kwa makaa yetu ya miti inafanya kazi pia, ila inachelewa kidogo, kwa hivo usingoje mpaka wateja wamesimama ndo uwashe.

"Linatoa moshi kama treni"

Makaa yaliyoiva vizuri hayatoi moshi mwingi. Ukiona moshi mweupe mzito unaowasha macho, na dakika kumi na tano zimepita bado upo, kuna kipande humo ndani hakikuiva, ni kijinga tu cha kuni kilichopakwa weusi. Kitafute. Kina rangi ya kahawia kwa ndani, kizito kuliko wenzake, ukikivunja hakikatiki mara moja, kinachanika kama mti. Kitoe na koleo ukiweke nje, kipande kimoja tu kinatosha kuharibu jiko zima.

Kuna wakati lakini moshi unatokana na mafuta, sufuria ya kukaangia imefurika ama mishkaki inadondosha, huo unaujua kwa harufu. Na sufuria likiwa kubwa limefunika mdomo wa jiko lote, moto hauna pa kutokea, unageuka moshi, ndo maana jiko zuri lina vile vinundu vitatu vya kukalia sufuria, vinaacha nafasi ya kidole kimoja hivi. Vikiungua vikiisha sufuria linakaa chapa kwenye makaa na linakaba. Peleka kwa fundi wa bati akutilie vipya.

Halafu kuna jambo moja la huku kwetu lazima niliseme. Makaa ya mawe yanashushwa hapa bandarini, mengi yanakwenda kwa viwanda vya simenti, na vipande vingine huanguka njiani kwenye malori. Kuna watu wanaviokota, vinang'aa vizuri, vizito, mtu anajiambia hii ni riziki. Usitie kwenye jiko lako. Makaa ya mawe yana kiberiti na lami ndani yake, moshi wake ni wa manjano manjano unakaba koo, na nchi za baridi wanaoyatumia kupasha nyumba wana majiko mazito ya chuma yenye bomba la kutoa moshi mpaka juu ya paa. Jiko letu halina bomba. Ule moshi wote utaishia chumbani kwako na kwenye wali wako, na joto lake linaweza kuupasua udongo wa ndani.

"Yanaruka cheche"

Cheche zinatokea unyevu uliojificha ndani ya kaa unapogeuka mvuke kwa ghafla, unapasua kaa. Kwa hivo makaa yaliyolowa, ama yenye magome bado, ama yaliyochanganyika na vijiwe na mchanga, ndo yanayoruka. Makaa ya vifuu nayo yanaruka mwanzoni hata yakiwa makavu, halafu yanatulia.

Usilipepee kwa nguvu wakati huo, unazidisha. Liache liwake lenyewe upande ambao hakuna mtu, na ukishaona makaa yote yamepata ngozi ya jivu jeupe ndo ulete sufuria. Na jifunge leso vizuri kwa dada zangu, yale mapembe ya leso yanayoning'inia mbele ndo yanayoshika moto. Mie nina leso moja niipendayo sana, upande wa chini ina matundu saba, nimeyahesabu, yote ya cheche, na moja likafika mpaka kwenye paja. Siku hizi nakunja pindo nalichomeka kiunoni kabla sijashika kipepeo. Mtoto akiwa anacheza hapo sogeza jiko, usisogeze mtoto, manake mtoto atarudi.

"Debe lilikuwa likinitosha siku tatu, sai siku moja na nusu"

Hili ndo linaloniuma zaidi kwa sababu ni pesa. Makaa yamekuwa ghali tangu serikali ilipozuia ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, na hata baada ya hapo bei haikurudi ilikokuwa. Kaa linaloungua bure ni mahamri mawili ya mtoto wa mtu.

Kwanza kimlango. Watu wengi hawakifungi kabisa, wanadhani kazi yake ni kutolea jivu. Kile ndo usukani wa jiko. Mbaazi zangu zikianza kuchemka nakifungua chote, zikishatokota nakirudisha mpaka inabaki nafasi ya vidole viwili, na tui likishaingia nakifunga kinabaki mwanya tu, zinaiva taratibu na makaa yale yale yanafika mpaka saa nne asubuhi. Kama kimlango chako kimekatika bawaba, weka kipande cha kigae ama bati mbele yake, kazi ni ile ile.

Pili upepo. Kusi likivuma, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, jiko likikaa uani limeelekea kusini upepo unaingia wenyewe kwenye kimlango kama mtu anapepea usiku kucha. Ligeuze mgongo. Nilikuwa na jirani amenunua jiko jipya akisema la zamani linakula makaa, nikamgeuzia tu lile la zamani, akatumia mwaka mwingine.

Tatu angalia matundu ya ndani kama yameungana. Matundu mawili yakishapasuka yakawa moja, makaa mekundu yanadondoka chini kwenye jivu na kuisha huko bila kupika chochote. Ukizoa jivu ukikuta makaa mazima ndani yake, ndo hio.

Nne ni aina ya makaa. Makaa ya miti laini, mwembe na kadhalika, ni mepesi, yanashika upesi yanakwisha upesi. Ya miti migumu kama mgunga na mkwaju ni mazito mkononi na yanakaa. Kwa chai ya haraka mepesi hayana ubaya, kwa biriani na mbaazi chukua mazito. Ukienda soko la Kongowea ama kokote unakonunua, usitazame ukubwa wa kipande, kinyanyue uone uzito.

Na ukimaliza kupika usiyaache yaungue. Yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko wa kubana, ufunike, yatazima kwa kukosa hewa na kesho yanashika kuliko mapya. Debe liwe nje ya nyumba, sababu utaiona huko chini. Usizime kwa maji, unaharibu makaa na unalipasua jiko.

"Wali unaungua chini na juu haujaiva"

Hapa jiko halina kosa, ni wewe umeacha makaa yote chini. Wali wa nazi ukishakauka maji, toa makaa zaidi ya nusu uyapalie juu ya mfuniko, yaliyobaki chini yafunike kwa jivu kidogo. Biriani vile vile. Waliozaliwa na jiko wanajua.

"Limepasuka, ni jipya wallahi"

Haya majiko ya udongo ndani na bati nje, yenye kiuno, yalianza hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, na faida yake ni kwamba ule udongo unashika joto badala ya kuliachia upande kama jiko la bati tupu. Lakini udongo ni udongo, una desturi zake.

Jiko jipya usiliwashie moto wa harusi siku ya kwanza. Udongo bado una unyevu ndani, ukilipa joto kubwa ghafla linapasuka. Siku ya kwanza washa makaa machache tu, kiganja kimoja, yazime yenyewe. Siku ya pili ongeza. Siku ya tatu pika.

Ufa mwembamba kama uzi si tatizo, karibu kila jiko linao, likipoa unaonekana likipata moto unajibana. Ufa unaoingia ukucha ndo uzibe. Fundi mmoja mzee wa Kisauni alinifundisha, udongo wa kichuguu uliochekechwa, changanya na jivu na maji kidogo mpaka uwe kama unga wa mahamri, lainisha ufa kwa maji kwanza, sindilia kwa kidole gumba, acha kivulini siku mbili tatu, si juani, halafu moto mdogo. Mwaka na zaidi sasa na langu halijafunguka. Lakini kipande kizima kikishaanguka usijisumbue, mpelekee fundi akutilie udongo mpya ndani, bati likiwa zima ni nafuu kuliko kununua jiko lingine.

Ila bati lenyewe kwa pwani ndo mtihani. Chumvi ya hewa inalila, na jivu likilala ndani usiku linanyonya unyevu na kulila zaidi, utaona kitako kinakuwa kama karatasi iliyotafunwa na mende halafu siku moja unanyanyua jiko na makaa yanabaki chini miguuni mwako. Zoa jivu kila siku. Linyanyue kwa chini na mikono miwili, usiamini mkono wa jiko lililozeeka.

"Kichwa kinauma kila nikikaa karibu nalo"

Hapa nataka unisikilize sana.

Watu wanaogopa moshi, ukiwasha macho kila mtu anatoka nje. Halafu moshi ukiisha, makaa yamekuwa mekundu mazuri, wanasema sasa ni safi, wanaliingiza ndani. Kumbe ndo wakati wenyewe. Makaa mekundu bila moshi yanatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala pua, huwezi kuijua kwa chochote ila kwa mwili wako. Inaingia mapafuni na kujishikiza kwenye damu pale pale ambapo oksijeni hukaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hivo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda kinashuka, lakini damu haibebi kitu.

Nitawaeleza yaliyotokea kwetu. Mdogo wangu alijifungua mwezi wa Juni, mvua na kusi, akawa kwenye arobaini yake, chumba cha ghorofa ya kwanza kule Mji wa Kale, dirisha moja linalotazama uchochoro. Mama mkwe wake kwa mapenzi kabisa akamwekea jiko chumbani, lichemshe maji ya kumkanda na liwapashe joto yeye na mtoto, na dirisha likafungwa mtoto asipigwe na upepo. Nilipofika alasiri nikamkuta amelala ukutani, anasema kichwa kinagonga, miguu haina nguvu, anataka kutapika. Wakasema ni malaria, mwengine akasema ni uzazi tu. Mtoto amelala usingizi mzito hataki hata titi. Mie nikawa nimeanza kukubali kwamba ni malaria mpaka yule mama wa kukanda naye akashika paji la uso akasema, hata mie leo kichwa kinaniuma. Hapo ndo nikalitazama jiko. Nilimnyakua mtoto nikashuka naye ngazi mpaka barazani, mdogo wangu akateremshwa amebebwa, na hospitali wakawatia oksijeni wote wawili. Alhamdulillahi wako wazima, mtoto sasa anakimbia.

Kwa hivo dalili ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa. Ni rahisi kudhani malaria, lakini jiulize maswali matatu. Je, kuna homa? Sumu hii haileti joto la mwili. Je, watu zaidi ya mmoja humo ndani wanaumwa wakati mmoja? Malaria haiwaanzi watu watatu saa moja. Je, ukitoka nje nusu saa unapata nafuu na ukirudi ndani inaanza tena? Ukiona hivo usingoje kipimo. Toeni watu wote nje kwanza, watoto kabla ya wakubwa, fungua milango, halafu jiko ndo litolewe na mtu aliye mzima akishikilia pumzi. Aliyezimia ama anayechanganyikiwa ni hospitali saa hio hio, piga 999 ama 112 ama pata tuktuk yoyote, na ukifika waambie mapema kwamba kulikuwa na jiko ndani ya chumba, usiwaache wakisie. Dawa yake ni oksijeni. Maziwa hayaitoi sumu hii. Mjamzito apelekwe hata akijihisi yuko sawa, aliye tumboni anaumia zaidi.

Na haya mengine tunayodanganyana. Beseni la maji karibu na jiko halinyonyi kitu. Kulifunika jiko kwa jivu jingi hakulifanyi salama, linazidi, manake linaungua bila hewa ya kutosha. Kuacha dirisha wazi kidogo kwa kupika dakika chache ni afadhali kuliko kufunga, lakini kulala na jiko ndani haifai hata dirisha likiwa wazi. Lile debe la makaa ya kuzima nililosema liwe nje, sababu ni hii.

Watu wazima wananiambia, mbona sisi tulizaliwa na kukandwa chumbani na jiko lilikuwepo na hatukufa? Nimelifikiria sana swali hilo kwa sababu nyanya yangu alimzaa mamangu hivo hivo. Ile nyumba ilikuwa ya makuti. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi unapitisha mkono, na makuti yenyewe yanapumua, moshi ulikuwa unauona unatoka juu ya paa kama nyumba inachemka. Leo juu kuna slebu, madirisha ni ya kioo na alumini yanabana mpaka sauti ya boda boda huisikii. Desturi ni ile ile lakini nyumba si ile.

Mzazi mkandeni, simwambii mtu aache. Maji yachemshwe uani ama barazani ama juu darini palipo wazi, yaletwe kwa ndoo. Kumpasha joto mtie chupa ya maji moto iliyoviringwa leso, mbali kidogo na ngozi ya mtoto, na blanketi. Hata Julai usiku wa Mombasa ni nyuzi ishirini hivi, blanketi linatosha. Na chetezo cha udi ni kaa dogo lakini ni kaa vile vile, fukiza baada ya Magharibi milango iko wazi, halafu kitoke nje kabla mtoto hajalazwa.

Waliopanga chumba kimoja na hawana uani najua mtaniambia mvua ikinyesha tupike wapi. Mdomoni mwa korido, kwenye mlango wa nje, jiko likiwa upande wa nje wa kizingiti na nyinyi mko ndani. Mkigombana na jirani kwa sababu ya moshi, gombaneni.

Jivu, usiku

La mwisho ni jivu. Linaonekana limekufa lakini kaa ukubwa wa punje linaweza kuishi ndani yake mpaka asubuhi, na watu wanalimimina kwenye ndoo ya plastiki ama gunia la taka pembeni mwa ukuta wa makuti. Litie kwenye mkebe wa bati, uweke kwenye simenti, lilale usiku mzima. Kesho ukitia mkono na ukalihisi baridi mpaka chini kabisa ndo ulimwage, na ukipenda libakishe la kuoshea masufuria, jivu la makaa na kipande cha kumbi la nazi linatoa masizi vizuri kuliko sabuni nyingi.